Makantonye wasio na kazi

Nilimpata mke wangu kwa sababu ya watu waliokuwa wamesimama bure.

Watu wenyewe walikuwa wadogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho, na makao yao yalikuwa ndani ya kompyuta. Wakati ule nilikuwa na chumba karibu na soko la Kasongo: mashine ya fotokopi, kompyuta moja ya zamani ya kukunja, meza ya kuchajia simu, na paneli za jua juu ya bati. Jua likiwa kali, kazi zilienda. Jua likiwa kali na wateja wakiwa wachache, nilikuwa mfalme. Mchezo aliniachia rafiki mmoja aliyepita akitokea Bukavu, naye hakunieleza mengi. Unaanza na kijiji kimoja, alisema, unamaliza na dunia nzima, na hakuna haraka, maana hakuna anayesogea mpaka zamu yake ifike. Hilo la mwisho lilinikaa moyoni. Mimi ni mtu wa kuchelewa tangu kuzaliwa, mama yangu atakwambia, na sikuwa nimewahi kukutana na vita vinavyonisubiri.

Katika mchezo ule kuna askari, kuna meli, kuna wafalme wa jirani wenye hasira za karibu. Sikuwajali. Nilichopenda ni wafanyakazi. Kila mmoja ni kijitu chenye jembe begani. Unamwambia lima, analima. Unamwambia chimba mgodi, anachimba. Unamwambia tengeneza njia, anainama, jembe linapanda na kushuka, na ukirudi zamu chache baadaye unakuta njia imelala pale, nyeupe, imenyooka, haina shimo hata moja.

Aliyezaliwa kwingine hawezi kuelewa. Mimi ni mtoto wa Maniema ya kusini. Kwetu njia nzuri ni kitu cha kusimuliwa. Nilikua nikisikia kwamba zamani malori yalikuwa yanatoka Kasongo hadi Kabambare bila mtu kushuka kusukuma, na kwamba kila kipande cha njia kilikuwa na kantonye wake, mtu aliyepewa jembe na sehemu yake ya kutunza, afukie mashimo na kuzibua mifereji. Siku hizi njia ile ni ya pikipiki na sala. Basi nilipoona kijitu kinatandika njia mbele ya macho yangu, nilikiita kantonye palepale, na akili ikaniruka.

Nikatengeneza makantonye. Kila mji nilioanzisha, agizo la kwanza lilikuwa kantonye, na la pili lilikuwa kantonye mwingine wa kumsindikiza, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Askari watakuja Mungu akipenda, nilisema. Ndipo nikapata ugonjwa ambao kila mchezaji wa mchezo ule anaujua, ila wangu ulikuwa mkali: ardhi ikaisha. Mashamba yote yamelimwa, vilima vyote vimechimbwa, njia ziko, na makantonye bado wako palepale. Kila zamu inapoanza, mchezo unakupeleka kwa asiye na kazi, unakuonyesha anavyojifuta jasho, anavyoangalia huku na huku, anavyojikuna, na unangoja useme neno. Unamwambia alale. Unapelekwa kwa mwingine. Huyo naye unamlaza. Kuna mwingine. Na wakati wote huo wanakula, ghala linapungua kwa ajili ya watu waliolala kivulini.

Wenye akili huwaondoa. Kuna kitufe chake: unabonyeza, mashine inauliza kama una hakika, unakubali, na kijitu kinatoweka. Mimi sikuweza. Nilifanya mengine yote. Niliwaweka mipakani walinde nchi kwa majembe. Niliwapakia kwenye meli wakatembee. Wengine nilimpa mfalme wa jirani kama zawadi, akawapokea bila asante, na zamu iliyofuata akanitangazia vita. Mmoja nilimpandisha juu ya mlima mrefu kuliko yote, akakaa huko mpaka mwisho wa dunia, kazi yake kutazama.

Siku moja akaingia msichana mwenye karatasi za TFC, ile kazi ya kuandika ya kumalizia masomo ya juu. Alikuwa mtu wa Kabambare, amekuja kusoma Kasongo, anakaa kwa shangazi yake. Alitaka nimpigie kazi yake kwenye mashine. Nikamkaribisha kwenye kigoda, nikafunika mchezo kwa haraka, nikaanza. Mteja wa fotokopi akaniita. Niliporudi, dada yule alikuwa ameufunua mchezo na ameinama juu yake.

“Kaka, hawa watu wako wanangojea nini?”

Nikamwambia ni wafanyakazi, kazi imekwisha.

“Na wanakulaka?”

“Wanakulaka.”

“Bila kufanya kitu?”

Alivuta kigoda karibu. “Kitufe ya kuwatosha humu ndani iko wapi?”

Nilimwonyesha kama mtu anavyoonyesha mahali pa sumu, ili asipaguse. Akabonyeza. Kantonye wangu wa mpaka wa kaskazini, mtu niliyekuwa naye tangu kijiji cha kwanza, akatoweka.

“Umemuua!” Nilipiga kelele hata mwenye fotokopi akageuka.

“Sikumuua,” alisema, na tayari alikuwa anamtafuta mwingine. “Amerudi kwao.”

Akabonyeza tena. “Na huyu pia amerudi kwao.”

TFC yake ilikwisha kupigwa, ikasahihishwa, ikafungwa vizuri, na yeye akaendelea kuja. Mchezo unaruhusu watu wawili kwenye mashine moja: wewe unacheza zamu yako, unaamka, mwenzako anakaa. Tulipokezana kigoda kile saa za mchana, jua likiwa juu ya bati na simu za watu zikijaa pole pole ukutani. Nchi yake ilikuwa nchi ya mama mwenye nyumba. Makantonye wachache, kila mmoja anajua anakokwenda, na kazi ikiisha anaingizwa mjini awe raia, ama anarudi kwao. Alinicheka mpaka nikazoea. Alisema mimi sitawali, nafuga watu.

“Kwetu mutu akikuja na jembe, haumufukuzi,” nilimwambia. “Unamupa hata maji.”

“Ndiyo. Na wewe umewapa maji, na kitanda, na mulima ya kuangaliaka.”

Basi ili kumnyamazisha nikaamua kuwapa kazi wote. Kazi gani, na ardhi imekwisha? Njia. Nikatandika njia kila kiraka. Njia katikati ya mashamba, njia msituni, njia jangwani kusikokaa hata mbuzi, njia inayozunguka ziwa na kurudi ilikotoka. Ukiiangalia nchi yangu kutoka juu ilikuwa nyeupe yote. Nilikuwa na furaha isiyo na aibu. Kila aliyekuja kuchaji simu nilimvuta aangalie, na waendesha pikipiki ndio walioangalia zaidi, wakivua kofia kwa heshima.

Mchana mmoja wa joto dada yule akanitangazia vita. Farasi wake wakaingia kwa njia yangu mwenyewe, wakateleza juu yake bila kupumzika, na kabla sijakaa vizuri walikuwa ndani ya mji wangu mkuu. Nilipaswa kulia. Nilisimama nikapiga makofi.

“Umeona vile inapitika! Umeona!”

Aliniangalia kama anayetafuta homa usoni kwangu. “Nimekamata muji wako mukubwa.”

“Ndiyo, lakini umeona njia?”

Alicheka mpaka akalaza kichwa mezani katikati ya simu za watu, mabega yakitikisika, na mimi nikajua kwamba sitaki mtu mwingine aniteke tena maishani. Nikamwambia wiki ileile kwamba nataka kumwoa. Hakujifanya kushangaa. Alisema: basi nenda ukaseme nyumbani.

Nyumbani ni Kabambare. Mjomba wangu alitangulia kwenda kuongea, akapokelewa vizuri, na baba yake hakuwa na neno baya. Lakini binti mwenyewe alikuwa amenionya. “Baba si kitu,” alisema. “Mama njo muji mukubwa.” Yaani mama ndiye wa kutekwa.

Mama yule alikuwa na hofu moja, na hakumficha mtu. Mdogo wake wa tumbo moja aliolewa Kasongo. Akaugua wakati wa mvua, habari ikafika Kabambare, dada mtu akaondoka siku hiyohiyo, na njia ikamshika. Pikipiki ikazama, mto ukakataa kuvukika, akalala kwa watu asiowajua akingoja maji yapungue. Alipofika walikuwa wameshazika. Tangu siku hiyo akiona mtoto wa mtu anapelekwa Kasongo kwa ndoa, anasema njia ile inameza watoto. Hakukataa posa yangu, ila hakuikubali. Alisema tu kwamba nije nilime, anione.

Hiyo ni desturi. Anayetaka kuoa anakwenda kwa wakwe na wenzake, wanawalimia shamba, na mama mkwe anapika. Watu hawaangalii shamba peke yake. Wanaangalia unavyofanya kazi, unafuatana na watu wa namna gani, na wenzako wanakaaje nyumbani kwa watu. Neno la mama lingetoka baada ya siku hiyo, na kila mtu alijua, mimi kuliko wote.

Mwingine angechagua vijana wachache wenye nguvu akaenda. Mimi nilimwambia motari mmoja, rafiki yangu wa pikipiki, naye akawaambia wenzake kituoni. Nikamwambia mtu wa kwaya, ikaja kwaya. Timu ya mpira ikasikia. Jirani yangu wa msikitini akaniuliza kwa uso mgumu kwa nini kwaya inajua na yeye hajui, nikamwambia aje na ndugu zake. Alikuja hata muuza vocha wa pembeni ya chumba changu, mtu ambaye mikono yake haikuwahi kushika kitu kizito kuliko simu. Kasongo ukimwita mmoja ukamwacha mwenzake, umejitafutia adui wa bure. Tena kusema kweli nilifurahi. Kila aliyesema naenda, niliona mji wangu umeongeza kantonye. Na mwenye mkono mwepesi kwenye kitufe alikuwa ameshatangulia Kabambare.

Tulikwenda kwa mstari wa pikipiki kama harusi yenyewe. Tuliimba, tukazama, tukabeba pikipiki mabegani, tukaimba tena. Karibu kabisa na kijiji chao kuna bonde dogo ambalo kijito kinalikata, na magogo ya daraja lake yalikuwa yameoza. Pale tulizama wote, mmoja nyuma ya mwingine, huku aliyezama akimcheka anayekuja. Tuliingia uani jioni tukiwa rangi moja, rangi ya tope. Mama mkwe alikuwa mlangoni pa jiko. Aliangalia mstari unavyoingia, akaendelea kuangalia, maana ulikuwa bado unaingia. Kisha akageuka kidogo kuangalia sufuria zake.

“Karibuni,” alisema. “Muko wengi.”

Mimi niliichukua kama sifa.

Kesho yake tuliliingilia lile shamba. Sijaona kitu cha namna ile. Majembe yalikuwa yanagongana. Kwaya ilianza wimbo, na kabla haujafika mwisho upande wa juu ulikuwa umekwisha. Wengine kwa mapenzi walivuka mpaka wakaanza kulima la jirani, ikabidi warudishwe. Umande haujakauka vizuri, shamba likaisha. Tukarudi uani tumejaa sifa, jua liko chini bado, na mama mkwe ndiyo kwanza anatwanga muhogo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema mgeni aliyemaliza kulima asubuhi apewe nini. Kumwondoa mtu aliyefanya kazi bila kula ni aibu ya nyumba, basi wakakaa kungoja. Walikaa juu ya kuni, juu ya vinu, juu ya jiwe la kusagia, kwenye kizingiti cha jiko, ikawa hata njia ya kupita na maji hakuna. Nikasimama katikati ya ua nikaangalia. Mmoja alikuwa anajifuta jasho. Mwingine anaangalia huku na huku. Muuza vocha anajikuna. Nikaona kwamba nimeshawahi kuwaona watu hawa.

Na kuna agizo moja la mchezo ambalo sijalitaja. Unaweza kuwaachia makantonye wajipangie kazi wenyewe. Usifanye hivyo. Utarudi ukute wamekata msitu uliokuwa unautunza na kuvunja shamba zuri ili waweke kitu kingine. Mimi agizo lile sikulitoa siku ile, naapa, ila lilitendeka. Baadhi yao, watu wa moyo mwema, waliona aibu kukaa. Wakazunguka nyuma ya jiko, wakakuta majani yameota, wakasema tumsafishie mama. Waling'oa yote, hadi na mizizi, wakanirundikia miguuni wakinyoosha migongo kwa raha. Nikaangalia rundo. Ilikuwa lengalenga ya mama mkwe, mboga aliyoipanda kwa mkono wake na alikuwa anaingoja ikomae.

Alitoka, akaona udongo mtupu. Aliangalia, akarudi jikoni, na mchi ukaanza tena kutwanga, pole kuliko mwanzo. Mama anayegomba unaweza kumwomba. Huyu alikuwa anatwanga tu. Hata kwenda kuomba msamaha sikuweza, kwa sababu katika nyumba ile mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe wala hali mbele ya macho yake.

Mchumba wangu akapita karibu na ndoo ya maji. Hakusimama.

“Wafute,” alisema.

“Nitawafuta namna gani? Watu wametoka Kasongo!”

“Basi wape kazi. Mama iko anatwanga, chakula haiko karibu. Usipowapa kazi sasa, atafuta mumoja tu, na ule mumoja njo wewe.”

Akaenda na ndoo yake. Nikabaki nafikiri. Ardhi ikiisha, makantonye wanafanya nini? Swali hilo nililijibu mara moja tu maishani, na kwa jibu hilo nilipoteza mji mkuu. Lakini sikuwa na jingine. Nikapanda juu ya rundo la kuni.

“Jamani!” nilisema. “Njia!”

Wenye pikipiki ndio walioelewa kwanza. Waliruka. Bonde lile walikuwa wanalilaani tangu jana, na wengine tangu walipoanza kupita nchi ile, na hakuna aliyewahi kufika pale na watu wengi na majembe na siku nzima haina kazi. Tukashuka kwa kelele. Baba mkwe alikuja akatuonyesha miti ya kukata na ile ya kuacha, kisha akavua shati na kuingia yeye mwenyewe. Magogo yaliyooza yakatolewa. Mapya yakabebwa kwa wimbo. Tukafungua mifereji pande mbili, maji yaliyokuwa yamelala njiani yakaondoka yakikimbia, na watu wakayashangilia kama timu. Muuza vocha, ambaye jembe lilimkataa asubuhi, akagundua kwamba kichwa chake kinabeba mawe. Akawa anapanda na kushuka kijitoni akiimba wimbo aliotunga papo hapo, wenye maneno mawili tu, jiwe na lingine.

Watu wa kijiji wakasikia, wakaja kuona, wakarudi kuchukua majembe. Makantonye wangu wa ziada wakapata wa ziada wao. Mimi nilikuwa kapita, msimamizi wao, napiga kelele za maagizo ambayo hakuna aliyeyasikia, nakimbia kutoka upande huu hadi ule, na kila niliyemkuta alikuwa na kazi. Kila mmoja! Nilitaka kumkumbatia mtu. Nilimkumbatia motari mwenye gogo begani, akanitukana vizuri.

Juu uani nako mambo yakabadilika, ingawa hilo nililisikia baadaye. Wanawake walipoona waume zao wako njiani, walijua watakula wapi. Wakaja kwa mama mkwe mmoja mmoja, huyu na mchele, huyu na samaki, huyu na sombe, majani ya muhogo yaliyokwisha kutwangwa, huyu na sufuria kubwa ya kanisa. Aliyekuwa peke yake na sufuria zake akawa ana mikono ya kumsaidia kila upande, na ua wote ukanuka mawese.

Jua lilipoanza kushuka, tukamaliza. Motari wa kwanza akapanda pikipiki yake, akashuka bondeni, akapita juu ya magogo bila kutingishika, akatokea ng'ambo. Kelele iliyopigwa ilipandisha ndege wote. Akarudi. Akapita tena. Wote wakapita na kurudi, hawana safari, raha tu. Mimi sikuwa na pikipiki, nikapita kwa miguu, nikarudi, nikapita. Baba mkwe alikuwa nyuma yangu anafanya vilevile.

Halafu kelele ikafa. Mama mkwe alikuwa anateremka kutoka kijijini, anafuta mikono kwa kitenge chake, binti yake hatua chache nyuma. Watu wakampisha. Akasimama mwanzo wa magogo, akaangalia njia hadi ng'ambo, upande unaokwenda Kasongo. Alipoongea hakuniangalia.

“Hii njia,” alisema, “munaitengeneza juu ya kumupeleka mutoto wangu.”

Mjomba wangu alikuwa amenifundisha maneno ya siku kama ile, maneno mazuri yenye methali. Yalikimbia yote. Kilichobaki kichwani ni farasi wa binti yake wanaingia mji wangu. Basi nikasema hicho hicho, macho chini kama inavyompasa mkwe.

“Mama, mimi nilikuwa nikitengenezaka njia mingi. Nilizani ni za kwangu. Kisha mutoto wako akapitia mule mule, akakuja kunikamata. Njia haina mwenyewe, mama. Inatosha mutu, inaingiza mutu. Siku utasikia mutoto wako analia, hii fasi ya daraja haitakushika. Utafika na utanikamata.”

Mchumba wangu aliweka mkono mdomoni. Mama hakujua habari ya farasi, na sidhani alielewa nusu ya niliyosema. Lakini alivua kandambili, akapanda juu ya magogo. Akakanyaga kwa kisigino. Akaenda hadi katikati, akainama, akaangalia maji yanavyopita chini, akakaa hapo muda. Nilijua anamfikiria nani. Aliporudi macho yake yalikuwa yamelowa na uso wake ulikuwa umekasirika, na alinyoosha kidole pembeni ya daraja.

“Hapa mvua mingi ikikuja, maji itakula udongo,” alisema. “Mawe haitoshi. Ongezeni.”

Nikaangalia binti yake. Alikuwa anacheka na kulia pamoja.

“Umesikia?” aliniambia. “Mama amecheza zamu yake. Kimbia!”

Tulikimbia wote, wakulima, kwaya, mpira, msikiti na kijiji, tukaongeza mawe mpaka mama akasema basi. Moja niliangusha kwenye mguu wangu, na maumivu niliyasikia kesho yake. Tulikula chakula ambacho bado kinasimuliwa kituo cha pikipiki. Mimi nilikula nyuma ya nyumba, nimejificha kama desturi inavyotaka, na mama alinitumia paja la kuku.

Tulioana kiangazi kilichofuata. Hatujamaliza hata kupanga viti vyetu hapa Kasongo, pikipiki ikasimama mlangoni, akashuka mama mkwe na kuku wawili. Alisema anajaribu njia. Tangu hapo anaijaribu sana. Anakuja akisikia mjukuu anakohoa, anakuja akisikia amepona. Ameotesha lengalenga nyuma ya jiko letu, amenionyesha mpaka wake. Siku moja alinikuta kwenye kompyuta, akavaa miwani yake, akainama juu ya nchi yangu.

“Mukwe, hawa watu wanangojea nini?”

Mke wangu alitoka chumbani mbio ili asikose. Nilifunika kitufe kile kwa viganja viwili, na hadi leo mama hajui kiko wapi.

Mara ya mwisho alikuja mvua zikiwa zimeanza, wakati ambao zamani asingethubutu. Alikaa, akaamrisha, akachoka na sisi. Siku ya kurudi nilimfungia mzigo nyuma ya pikipiki, na alipokwisha kukaa akaniita karibu. Hatuangaliani usoni hata sasa, basi aliongea na mgongo wa motari.

“Ile fasi ya mawe imeshuka upande moja,” alisema. “Nimepita, lakini nimeogopa. Mvua ikikatika, ulete wenzako.”

“Ndiyo, mama. Nitaleta wachache wenye nguvu.”

“Wote,” alisema.

Nilidhani sikusikia. “Wote, mama?”

“Wote wale. Nitapika.”

Motari akawasha, wakaondoka. Walipofika kwenye kona ya soko nikaona mama anampiga yule motari begani, pikipiki ikasimama, naye akageuka na kuniangalia usoni, mara ya kwanza tangu nimjue.

“Lakini hakuna mutu wa kupita nyuma ya jikoni!”